Mtindo Wenu Unaitwaje?

Ilikuwa Jumamosi, yapata saa tano za usiku, katika hoteli moja ya ufukweni upande wa Kigamboni. Tulikuwa tumeanza kukunja nyaya ili tuwahi kivuko, pale mzee mmoja aliyekuwa amekaa peke yake karibu na jukwaa tangu magharibi alipoinuka, akaja taratibu, akasimama mbele ya spika ya besi kana kwamba anaikagua kabla ya kuinunua. Tulimpa shikamoo. Aliitikia, kisha akatusifu kwa maneno machache ya mtu anayeijua kazi: mpiga drams hakimbii, besi haijisifu, dada haponyokwi na sauti.

«Na mtindo wenu unaitwaje?» akauliza.

«Tunapiga rege, mzee,» nikajibu.

«Rege ni ya Wajamaika, mwanangu. Nimeuliza mtindo wenu.»

Nikacheka, kama mtu anavyocheka anapodaiwa mbele za watu. Mzee hakucheka. Alitutakia usiku mwema, akaondoka akiwa ameshika viatu mkononi, akipita mchangani. Kivuko kilituvusha hadi Magogoni kwa dakika chache, na katika dakika hizo hakuna kati yetu sita aliyesema neno.

Nimekaa na swali hilo wiki saba.

Swali la mtu wa dansi

Msomaji aliyekulia karibu na redio ya mkulima hahitaji kuelezwa kwamba lile lilikuwa swali la mtu wa dansi. Katika mji huu wa Dar es Salaam, na hata Morogoro, bendi haikuwa bendi mpaka iwe na mtindo, na mtindo ulikuwa na jina lake kama mtoto. NUTA Jazz walikuwa na msondo, Western Jazz walikuwa na saboso, Morogoro Jazz sululu, Dar es Salaam Jazz mundo. Mlimani Park walipoanza mwaka 1978 walichukua sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, wakaongeza na maneno ya Kizaramo kwamba ni «ngoma ya ukae», yaani ya nyumbani.

Jambo lililonisumbua ni kwamba bendi zote hizo zilichota kisima kimoja. Rumba ya Kongo, na nyuma yake muziki wa Kuba, ilikuwa katika kila gita lililopigwa kuanzia Kariakoo hadi Temeke, wala sijawahi kusikia mtu akiwaambia wapigaji wale kwamba rumba si yao, wairudishe. Kwa hiyo mzee hakuwa anatushtaki kwa kuazima. Aliuliza tumekifanya nini tulichoazima, na jibu la kweli usiku ule lilikuwa kwamba tumekitunza vizuri, hatujakikwaruza hata kidogo, na tuko tayari kukirudisha kikiwa kama kilivyotoka.

Kopi

Bendi yetu ina umri wa miaka minne. Mpiga tumba ametoka Pemba, dada mwimbaji amelelewa Unguja, mpiga kinanda ni mtu wa Tanga, na sisi watatu waliobaki ni wa hapa hapa mjini. Mimi mwenyewe, mwenye gita la besi, sijawahi kuishi mahali ambapo sikuweza kufika Mbagala kwa daladala moja. Hata hivyo bango la hoteli lilitutangaza kuwa ni bendi ya muziki wa visiwani, nasi tulinyamaza, kwa kuwa laki tatu kwa usiku mmoja si fedha ya kuibishia kwa sababu za kijiografia.

Kwa miaka mitatu ya mwanzo tulipiga kopi, yaani nyimbo za wengine kama zilivyo, na sioni aibu kulisema, maana kopi ndiyo shule ambayo karibu kila mpigaji wa Dar es Salaam amepitia. Nyimbo zetu wenyewe, nne kwa jumla, tulizichomeka katikati ya kopi kama mtu anavyochomeka noti iliyochanika katikati ya bunda. Watu walizicheza bila kutambua tofauti, na kwa muda mrefu tulidhani huko ndiko kufaulu.

Kila tulipohisi kwamba wimbo haujawa wetu, tuliongeza kitu. Mpiga kinanda alitafuta sauti ya qanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu. Mpiga tumba akaleta cherewa, aina ya manyanga. Tuliwahi hata kutanguliza sauti ya mawimbi kutoka kwenye simu, na ukumbi wenyewe uko hatua ishirini kutoka baharini! Nikikumbuka sasa naona tulikuwa kama mpishi anayejua kwamba wali wake umepooza, akaendelea kutia iliki, akatia na mdalasini, ilhali alisahau chumvi.

Shangazi na barabara

Aliyetufumbua macho hakuwa mwanamuziki. Dada mwimbaji alikuwa amerekodi mazoezi kwenye simu, akayasikiliza nyumbani huku shangazi yake akichambua mchele pembeni. Wimbo wenyewe una mstari ambao mhusika anamwambia mpenzi wake aifuate barabara hata giza likiingia: «Tembea barabara.» Shangazi akasikiliza mara ya kwanza, akasikiliza kiitikio kiliporudi, kisha akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo: «Huyo unayemwambia atembee barabara, kwani anachechemea?»

Dada alitusimulia hayo kwenye mazoezi, tukacheka mpaka mpiga tumba akaomba maji. Baadaye kicheko kilikatika, kwa sababu shangazi alikuwa amesikia sawasawa. Barabara ya magari mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno yetu karibu yote; barabara yenye maana ya vilivyo, mkazo wake hurudi nyuma silabi moja. Melodia yetu ilikuwa imekaza pasipo pake. Tulikuwa tumetunga wimbo wa safari, tukaimba wimbo wa daktari wa mifupa.

Tulianza kukagua nyimbo zote nne, na ugonjwa ulikuwa mwilini mzima. Neno «nyumbani» tulilivuta mwishoni, «nyumbaniii», ili mstari uishe kwa nguvu. Neno «bahari» tulilibana mpaka likawa kama silabi mbili. Sababu ilikuwa moja: tulijifunza kuimba rege kutoka kwa watu wanaoimba Kiingereza cha Jamaika, lugha inayoweza kufunga mstari kwa neno fupi linaloanguka kama nyundo. Kiswahili hakina nyundo hiyo. Neno letu hupanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kisha hushuka na kutua, na mwimbaji anayelilazimisha lipande tena mwishoni anakuwa kama mtu anayeshuka ngazi akidhani kuna kidato kimoja zaidi.

Kwa miaka minne dada alikuwa ameimba lugha yake kwa lafudhi ya ugenini, na sisi tukimpigia makofi.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Rege ya Kiswahili haikuanzia kwetu. Jah Kimbute aliipiga hapa hapa mjini wengine wetu hatujazaliwa, na Justin Kalikawe wa Bukoba, aliyefariki mwaka 2003, aliiimba mpaka ikazoeleka. Nikimsikiliza Kalikawe leo, baada ya maneno ya shangazi, nasikia mtu anayekusemesha. Zamani nilikuwa nikisikia rege tu.

Njia ya Port Louis

Mpiga drams, ambaye ndiye mdogo wetu na ambaye mikono yake ililelewa na singeli, alikuja na mfano wa Morisi. Mfano ni mzuri, na ninautaja kwa heshima. Katika kisiwa kile kulikuwa na sega, muziki uliozaliwa miongoni mwa watumwa, unaobebwa na ravanne, ngoma pana ya ngozi, na mwendo wake hugawanyika kwa tatu tatu. Miaka ya 1980 Joseph Réginald Topize, aliyejulikana zaidi kama Kaya, mtoto wa Roche Bois, aliusukia mwendo huo ndani ya rege pamoja na kundi lake la Racinetatane, akaimba kwa Krioli, na kitu kilichozaliwa kikaitwa seggae. Alifariki Februari 1999 akiwa mikononi mwa polisi, na kisiwa kikalipuka kwa ghasia. Muziki wake ungali unapigwa.

Hoja ya mpiga drams ilikuwa nyepesi kueleweka: sisi tuna chakacha, ngoma ya pwani, nayo hugawanyika kwa tatu tatu vilevile, basi tuisuke ndani ya rege kama Kaya alivyosuka sega. Tulijaribu kwa majuma matatu. Hesabu ilikubali, mapigo yalikutana pale yalipotakiwa kukutana, na matokeo yake yalikuwa seggae ya watu waliopotea njia ya kwenda Port Louis, mji mkuu wa Morisi. Dada, ambaye kati yetu ndiye peke yake aliyewahi kuicheza chakacha mahali pake, yaani miongoni mwa wanawake kwenye harusi, alitutazama wanaume watano tukihesabu kwa vidole, akasema kwamba tumeipiga vizuri sana na kwamba hakuna kiuno kitakachoinuka.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa. Kaya hakwenda dukani kuchagua sega kutoka kwenye rafu. Ilikuwa tayari mwilini mwake na katika lugha aliyoiimba, na rege ndiyo iliyokuja ikabisha hodi. Sisi tulikuwa na rege, na tulikuwa tunazunguka mjini kutafuta kitu cha Kiafrika cha kuipamba.

Nilijiuliza pia Wajamaika wenyewe walifikaje. Ska ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikimbia. Kufikia 1966 hivi mwendo ulipunguzwa ikawa rocksteady, na kufikia 1968 rege ilikuwa imepatikana. Mwendo ulipopungua, besi ikapata mahali pa kukaa. Kisha kwenye mapigo wanayoyaita wan dropu, mpiga drams akaliacha pigo la kwanza, lile ambalo karibu kila muziki hulitegemea, likabaki tupu, na uzito wote akauangusha kwenye la tatu. Nikajiambia kwamba hao walifika kwa kupunguza, na kwamba sisi tumekosea kwa kuongeza.

Nilifurahia hoja yangu kwa siku mbili, halafu nikakumbuka Catch a Fire, albamu ya The Wailers, bendi ya Bob Marley, ya mwaka 1973. Kanda zilirekodiwa Jamaika, zikapelekwa London, na huko Chris Blackwell, mwenye kampuni ya rekodi, akamweka Wayne Perkins, Mmarekani wa Alabama, aongeze gita ili masikio ya wapenzi wa roki yasishtuke. Gita hilo ni zuri. Kwa hiyo hoja yangu inavuja, nami nimeona heri niiache ivuje kuliko kuificha.

Sanduku

Mwezi uliofuata ndugu yake mpiga tumba alioa huko Unguja, nasi tulikwenda, baadhi yetu kwa ajili ya pilau. Usiku, katika uwanja mdogo wa Ng'ambo, kulikuwa na kidumbak, ile taarabu ndogo ya ngoma ya harusini. Nilikuwa nimekwishasikia kidumbak, lakini sikuwahi kukaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mpigaji wa sanduku.

Sanduku ni kile kisanduku cha mbao kilichogeuzwa chini juu, chenye uzi mmoja uliofungwa kwenye fimbo. Mpigaji huvuta fimbo ili uzi ukaze au ulegee, na kwa mkono mwingine huupiga. Niliusubiri wimbo uanze nikiwa na kiburi cha mtu mwenye besi ya nyuzi nne na kifaa cha kuipimia sauti. Dakika tatu baadaye kiburi kilikuwa kimekwisha. Nilichokisikia kilikuwa nusu noti na nusu ngoma. Sauti ilikaribia mahali pake, ikapagusa, ikaondoka kabla ya kuulizwa. Mzee yule hakujaza nafasi yoyote. Vidumbak viwili, zile ngoma ndogo zenye jina moja na muziki wenyewe, vilizungumza, mkwasa wa vijiti ukagonga, fidla ikalalamika juu yao, naye alisubiri, akatia mapigo mawili, akasubiri tena. Na kila alipopiga, mwimbaji alikuwa kwenye silabi nzito ya neno.

Hakuwa akifuata drams, maana hazikuwapo. Alikuwa akiyafuata maneno.

Nilimwuliza baadaye, tukiwa tunanawa mikono, anajuaje wakati wa kupiga. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje wakati wa kupumua, akasema: «Si unamsikia anavyosema?»

Silabi ya saba

Niliporudi Dar nilichukua karatasi. Shairi letu la kawaida kila mshororo wake una vipande viwili vya mizani nane, na mzunguko mmoja wa rege, ukiyagawa mapigo yake manne kwa mbili mbili, una nafasi nane. Vinaingiana kama mguu na ndara, na huo ndio mtego, kwa sababu ukianza kipande kwenye pigo la kwanza, silabi ya saba, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye mkazo wa neno la mwisho, inaangukia pigo la nne, mahali ambapo gita la rithimu linakata. Gita na neno vinagombea mlango mmoja. Ndiyo maana tulikuwa tunaivuta silabi ya nane: tulikuwa tunatafuta upenyo wa kupumua.

Tulijaribu kukianza kipande pigo moja mapema, kwenye mkia wa mzunguko uliotangulia. Tuna mstari usemao «Mawimbi yarudi leo». Silabi mbili za mwanzo zikaangukia pigo la nne la nyuma. «Mbi-ya» zikapita juu ya pigo la kwanza, lile tupu, sauti ya dada ikiwa peke yake bila ngoma chini yake. Na «le» ya «leo» ikatua kwenye pigo la tatu, pamoja na mguu wa mpiga drams. Silabi ya mwisho ikashuka yenyewe, bila kusukumwa, gita likakata nyuma yake kama mtu anayefunga mlango kwa adabu.

Mpiga drams alisimama. Hakusema kitu, alisimama tu akiwa ameshika vijiti, halafu akakaa tukaurudia.

Baada ya hapo kazi yangu ilikuwa kufuta. Noti nilizokuwa nikizipiga kwa kuwa vidole vinazijua niliziondoa, nikabakiza zile zinazokutana na silabi nzito, na katika beti moja nimenyamaza kabisa kwa mizunguko minane, jambo ambalo mwaka jana ningeliita uzembe. Sauti ya qanuni imekwenda. Mawimbi ya kwenye simu yamefutwa. Cherewa imebaki, kwa sababu mpiga tumba alikataa katakata kuitoa, na kila ninapoisikiliza naona kwamba alikuwa na haki, ingawa sijamwambia.

Ukumbi ulipokaa chini

Tulizipeleka nyimbo zote nne hotelini, zikiwa mpya. Wimbo wa kwanza ulipoanza watu waliokuwa wakicheza walikwenda kukaa, mmoja baada ya mwingine, mpaka sakafu ikabaki na mtoto mmoja na puto. Katika biashara hii hakuna sauti mbaya kama ya viti vinavyovutwa. Nilimwangalia meneja kaunta, nikaona anahesabu, si fedha bali dakika.

Lakini nilipotazama vizuri niliona jambo ambalo sikulizoea. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Mhudumu mmoja alisimama na sinia lake katikati ya meza mbili, akasahau alikokuwa akienda. Wakati wa kopi watu hucheza na kupiga soga kwa pamoja, kwa kuwa wimbo wanaujua na hauhitaji kusikilizwa. Safari hii walikuwa wanasikiliza maneno, na wimbo wa pili ulipofika kwenye barabara, ile ya magari, mama mmoja mwenye kanga begani aliinuka, akafuatwa na wenzake wawili, wakacheza polepole mno, karibu bila kuinua miguu.

Meneja alituita pembeni, akasema kwa upole kwamba wageni hulipia furaha. Jumamosi iliyofuata tulirudia kopi nusu ya usiku, na mpaka leo bado tunazirudia, kwa sababu kodi ya chumba cha mazoezi hailipwi kwa silabi ya saba. Sijui kama huo ni uoga. Mpiga kinanda anasema ni akili.

Ubaoni

Ugomvi uliobaki ni wa chemko. Mpiga drams anataka kila wimbo uwe na sehemu ya pili inayochangamka, kama dansi lilivyofanya siku zote: mwanzo unasimulia, kisha unachemsha, watu wanatoa jasho. Mimi ninapinga, kwa kuhofia kwamba tutakimbilia chemko kila ukumbi unapokaa chini, na kwamba tukishaanza kukimbia tutayakanyaga tena maneno. Dada hajapiga kura. Wiki iliyopita walifanya mazoezi bila mimi, nami najua walikuwa wakifanya nini, kwa sababu nilipofika nilikuta tumba zimesogezwa mbele na mpiga tumba amevua shati.

Mzee hajarudi. Kila Jumamosi naangalia ile meza iliyo karibu na jukwaa, na mara mbili nimemwamkia mtu mwingine kwa kudhani ni yeye. Kwenye chumba cha mazoezi tumetundika ubao wa kuandikia majina ya mtindo, nasi tumekwishafuta kumi na moja, mengi yakiwa yangu. Yamebaki mawili. Moja ni la samaki, limependekezwa na mpiga tumba, ambaye anasema kwao Pemba samaki huyo hageuki mkondo unapogeuka; la pili liliandikwa na mtu asiyejitaja, kwa chaki nyekundu, nalo ni «Kwani Anachechemea».

Kura ni Jumatano.